Moto Chini ya Majani Mabichi

Siku msimamizi wa wachimbaji wa mboji, udongo wa majani yaliyooza unaochomwa kuzalisha umeme, alipotumbukia ardhini kule bondeni, juu majani yalikuwa mabichi, na chini udongo ulikuwa ukiungua kimyakimya. Hakurudi nyumbani.

Wiki chache baadaye mjane wake alipanda basi pale bondeni, akaketi nyuma ya fundi cherehani aliyepakata mashine yake na mama muuza nguo, watu wasiojuana.

"Marehemu hasemwi vibaya," alisema fundi, kisha akamsema. "Mboji ikishika moto huungua hadi chini ya ardhi. Yeye kaona moshi umekatika, katangaza moto umekwisha. Kiburi tu!"

"Kaka, hiyo cherehani yako inaendeshwa na nini? Si umeme wa mboji hiyohiyo?" mama alimkatiza. "Mtambo wa umeme una njaa, wakubwa wanataka mzigo, angefanyaje?"

"Angekataa!"

"Wewe mteja akitaka suruali yake leo hii, hukatai!"

Abiria walicheka. Mjane naye akacheka, maana asiyecheka angeulizwa ana nini. Mama akamgeukia.

"Dada, wewe si wa kule bondeni? Ulimjua?"

"Hapana, simjui."

Aibu ilimpanda usoni kama homa. Kumkana mume mbele ya watu baki! Alitaka kuwaambia kwamba siku ile mumewe aliwazuia vijana wake wa kazi nyuma, akatangulia mwenyewe kuikanyaga ardhi aone kama ni salama. Badala yake akainama kuhesabu nauli.

Basi likasimama. Wale wawili wakashuka, bado wanabishana.

Sasa mboji inachimbwa upande wa pili wa bonde, na umeme haukatiki.