Mama Nyamaza, Aliyewatetea Waliokwisha Kuhukumiwa Mtaani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Aliye jikoni apunguze moto, aliye kazini atege sikio moja. Leo tunamkumbuka wakili. Wakili wa utetezi. Karatasi za mahakama zilikuwa na jina lake kamili, lakini vituo vyote vya polisi mjini vilimjua kwa jina moja tu: Mama Nyamaza. Moyo ulimsumbua kwa muda, na wiki iliyopita akatutoka. Tumemzika juzi. Nami nawaambieni kweli, sikuja hapa kulia. Nimekuja kumwonea fahari.

Jina hilo alilipata hivi. Akiingia mahabusu, kabla hata ya kuketi, alimwambia mteja wake: "Nyamaza kwanza, mwanangu. Usiseme neno mpaka tuzungumze mimi na wewe." Askari wakamcheka, jina likamganda. Jana nilimtembelea mumewe, mwoka mikate, akaniambia: "Huko nje alinyamazisha watu. Humu ndani, ndugu yangu, hakunyamaza hata siku moja. Hata unga wangu aliuhoji: wewe, mbona hujaumuka?" Akacheka, kisha akajifuta macho kwa aproni.

Kwa nini alichagua kazi hii? Kwa sababu ya kaka yake, wasikilizaji. Kaka yake ni fundi baiskeli. Alipokuwa kijana alishtakiwa kwa wizi ambao hakuufanya. Hakuwa na wakili. Hakimu akamsomea shtaka, akamuuliza, unakubali?

"Nikasema, ndiyo, mheshimiwa," kaka huyo alinisimulia. "Nilidhani ananiuliza kama nimesikia. Nami nilisikia vizuri kabisa."

Akafungwa. Alifungwa kwa neno moja, tena neno la adabu. Dada yake alikuwa bado shuleni. Tangu siku hiyo, alisema kaka yake, binti yule akawa hashikiki. Alisoma kama anayekimbizwa.

Sasa niwape kisa kimoja. Wazee wa mahakama ya mji wetu hawajakisahau.

Mama mmoja alipanda ngazi za ofisi ya wakili wetu, juu ya duka la fundi viatu, ngazi zinazonuka gundi. Mawakili wengine walikuwa wamemkataa. Akasimama mlangoni, akasema: "Wakili, mwanangu ni mwizi. Hilo silikatai. Lakini hajampiga mtu."

Mwanawe alikuwa mpakia mizigo. Alikamatwa na nyaya za umeme zilizoibwa kwenye ghala. Mlinzi wa ghala, mtu wa umri mkubwa, alikutwa ameumia kichwa na mkono umevunjika. Kijana akashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Ilidaiwa kwamba alimpiga mlinzi kwa nondo. Sikilizeni vizuri hapa. Wizi wa kawaida ni miezi gerezani. Unyang'anyi wa silaha ni ujana wote, na uzee juu yake. Na mtaani walikwisha kumhukumu: afungwe, tupumue.

Mama Nyamaza akamfuata mahabusu.

"Uliiba?"

"Niliiba, mama."

"Ulimpiga mlinzi?"

"Sikumgusa. Nilimsikia tu akinikimbiza, kisha nikasikia kishindo. Sikugeuka."

"Basi ulichofanya utakijibu. Usichofanya hutakijibu, nikiwa hai."

Hakuishia hapo. Alikwenda ghalani mwenyewe, pamoja na karani wake. Akatembea kutoka kibanda cha mlinzi hadi kwenye uzio, njia ileile. Karani anasimulia: "Nilisikia puu! Nikageuka, bosi hayupo. Sauti ikatoka chini ya majani: usinivute kwanza! Tazama nilipoangukia!"

Ulikuwa mtaro, wasikilizaji. Mtaro usio na mfuniko, umefunikwa na nyasi. Mama Nyamaza alitoka na goti lililochubuka, sketi imechanika, na uso unaong'aa kama wa bibi harusi.

Siku ya kesi aliingia mahakamani akichechemea. Mlinzi akapanda kizimbani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Pale unapokimbilia kwenye uzio, kuna mtaro?"

"Upo."

"Mimi niliuona nikiwa tayari ndani yake."

Watu wakacheka. Mlinzi hakucheka. Aliutazama mkono wake uliofungwa.

"Mzee wangu, mtu mzima kuanguka akimkimbiza mwizi si aibu. Ni kazi. Niambie tu: nani alikupiga?"

Mlinzi akainua macho, akamtazama.

"Hakuna aliyenipiga," mlinzi akasema. "Nilianguka. Lakini mlinzi aliyepigwa huonewa huruma. Mlinzi aliyeanguka hufukuzwa."

Shtaka la unyang'anyi likaanguka. Kijana alihukumiwa kwa wizi, kosa alilolifanya kweli, akatumikia miezi yake. Na Mama Nyamaza? Alitoka mahakamani moja kwa moja hadi kwa mwenye ghala. "Mtaro wako umeangusha watu wawili," alimwambia. "Ukimfukuza mzee yule, wa tatu utakuwa wewe, na utaangukia mahakamani." Mzee akabaki kazini. Mtaro ukafunikwa.

Kijana yule leo ni fundi rangi, baba wa watoto. Juzi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Aliniambia: "Alikuwa akija kunitazama gerezani. Nikamwambia, mama, kesi imekwisha, unajisumbua bure. Akasema, kesi imekwisha, wewe hujaisha."

Pale mazikoni alisimama pia mwendesha mashtaka, mtu aliyepambana naye mahakamani miaka na miaka. Sote tukatega masikio. Akasema: "Kila nilipomwona akiingia, nililazimika kuifanya kazi yangu vizuri. Sina sifa kubwa kuliko hiyo ya kumpa wakili." Akaketi. Mwoka mikate akainuka, akamkumbatia.

Kwa mwoka mikate, kwa fundi baiskeli, kwa watoto na ukoo mzima: poleni sana. Mlitugawia mtu wenu, nasi tunawashukuru. Mungu awape subira.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, nawaachia hili la kutafakari. Siku moja utasikia kwamba mtoto wa jirani amekamatwa. Maneno yatakujia mdomoni upesi: nilijua tu, ndivyo alivyo. Yameze. Inuka, mtafutie wakili. Hata kama ameiba. Hasa kama ameiba.