Mkono wa Mwanangu Nilioukunja

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Bisibisi izime hiyo feni, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kukopa na sitaki kuimaliza kwa kushindana na mapanga yake. Keti hapo miguuni, baba. Na wewe binti yangu, kifungua mimba wangu, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kupima pazia, njoo huku upande wa ukuta nikuone uso. Tangu ulipofika jana mchana umeniosha, umenigeuza, umeninywesha uji kwa kijiko, na hukuniita mama hata mara moja. Sikulaumu. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Ya nyumba niyamalize upesi, kwa kuwa siyo yanayonizuia kuondoka. Nyumba ni yenu wawili, sebule na vyumba vyote viwili, na asiiuze mmoja bila mwenzake kujua. Ngoma za marehemu baba yenu ni za Bisibisi, pamoja na meza yake ya kutengenezea maredio. Kabati la vyombo apewe jirani yetu muuguzi, aliyenichoma sindano miezi yote hii wala hajanisimanga. Hapo pameisha. Limebaki gitaa la besi, na gitaa halitoki mkononi mwangu kabla sijasema lililo nyuma yake.

Mnajua bendi yetu ilikuwa ya kumbi za harusi, baba yenu kwenye ngoma na mimi ubavuni kwake, mwanamke peke yangu kati ya wanaume sita. Kiongozi wetu, yule mwimbaji wa shingo ndefu, alikuwa akinigeukia katikati ya wimbo: "Mama, besi haisikiki! Leo hukula?" Basi nikakunja kifundo cha mkono, nikapandisha bega, nikachomeka vidole chini ya nyuzi na kuzivuta kama mtu ang'oaye magugu. Baba yenu alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Mke wangu," akasema, "aliyeajiriwa kupiga ni mimi. Wewe niliambiwa utaimba na vidole." Nikamwambia anyamaze ahesabu mapigo. Laiti ningemsikiliza! Namtamani hata kwa ile kejeli yake.

Ndipo ukaniomba nikufundishe, mama yangu wewe, nami nikakufundisha nilichokuwa nacho, yaani nguvu. Ulikuja na wepesi wako wa kuzaliwa nao, vidole viwili vikitembea juu ya uzi kama mtu ashukaye ngazi huku akiwaza mengine, na kwa kuwa sikusikia kitu kwenye spika nilikupiga kofi kiganjani nikasema, "Ponda! Besi si kubembeleza mtoto!" Wenye kusema samaki mkunje angali mbichi hawakuniambia kwamba ukimkunja sana huvunjika. Siku ya ile harusi kubwa, nilipokupa besi upige mahali pangu, kiganja chako kilikuwa kimevimba kwa kuponda nyuzi. Ukaninong'oneza, "Mama, mkono umekufa ganzi," nami nikakujibu kwa sauti, mbele ya bendi nzima, "Mkono wa mvivu hufa mapema." Nimesikia sauti nyingi mbaya maishani, sijasikia mbaya kama hiyo yangu. Hukulitupa gitaa. Ulililaza taratibu kwenye kiti, ukatoka kwa mlango wa jikoni, ukaenda kujifunza cherehani mji mwingine, na nimeambiwa mpaka leo unashika mkasi kwa mkono wa kushoto.

Sasa sikiliza nililolificha. Mwaka wa pili baada ya wewe kuondoka, ndugu yako aliifungua ile amplifaya ya bendi ambayo hatukuwahi kumruhusu fundi yeyote aiguse, tukiona ina bahati yetu ndani. Akachungulia, akacheka. "Mama, waya wa spika umelegea. Hii imekuwa ikinong'ona tangu sijazaliwa." Akaulehemu. Nikagusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole, nikagusa tu, na vikombe vikatetemeka kabatini.

Nilikaa chini sakafuni, wanangu. Kumbe haukuwa mkono wangu, wala haukuwa mkono wako. Nikamwapisha Bisibisi asiseme. Usimkasirikie, alikuwa anamtii mama yake. Kuandika sijui, na kumwomba mtu aniandikie ni kumpa mwingine aibu yangu aisome kwanza. Ulipopiga simu niliuliza habari za watoto, nikauliza mvua, nikakuaga. Majuto ni mjukuu, husema watu. Wajukuu umenipa watatu, huyu wa nne nimemlea peke yangu miaka kumi na mmoja.

Na katika miaka hiyo, kila asubuhi baada ya kufagia, niliketi ukingoni mwa kitanda hiki, amplifaya ile kando yangu, nikiutafuta mkono wako. Niliutafuta kwa kukumbuka. Nikajiuliza, mwanangu aliweka wapi kidole gumba? Alikiketisha juu ya kile kisanduku cheusi chini ya nyuzi, kimetulia, hakishiki wala hakibonyezi. Kifundo cha mkono alikinyoosha. Kidole cha shahada kiliupita uzi kikaenda kupumzika kwenye uzi wa jirani, na kabla hakijaamka cha kati kilikuwa kimeshapita. Hakuna kilichofanya kazi mara mbili mwenzake akitazama. Alipouacha uzi mnene, kidole gumba kiliteremka kikaulalia usivume ovyo. Nikafuata mlio wa saa ya ukutani, pigo moja kwa kila mlio, wiki nzima uzi mmoja, ndipo mapigo mawili. Na la kuanzia ni hili: fungua sauti ya amplifaya kwanza, kisha punguza mkono. Mimi nilifanya kinyume maisha yangu yote. Nimefika karibu na mkono wako, mama, siku nyingine karibu sana hata nikageuka kuangalia kama umeingia. Wenyewe sikuufikia.

Nisamehe. Nimelisema.

Gitaa ni lako. Ukitaka lining'inize ukutani, ukitaka ligawe; sikukunji mara ya pili. Ila kama... nipe maji kidogo. Bisibisi, niinulie mto. Hapo.

Unasemaje? Sema tena, masikio yamekuwa mbali. Mkono unakuuma bado? Kidole hiki? Lete. Jamani, ona kilivyojikunja, na mimi ndiye niliyekizaa kimenyooka. Basi usikilazimishe. Bisibisi, mbona umelichukua gitaa? Nani amekutuma? Ah... ni yeye. Mpe, baba, mpe. Fungua sauti kwanza.

Bega, mama. Shusha bega. Usikaze, hakuna ukumbi hapa, hakuna wa kukugeukia. Polepole, uzi mmoja unatosha. Pita... pumzika kwa jirani... cha kati sasa. Kimekwama? Si kitu, kuteleza si kuanguka. Rudia.

Huo. Huo ndio.

Mungu avibariki vidole hivyo, cha shahada na cha kati, visichoke kupokezana. Akubariki na wewe Bisibisi, uliyebeba siri isiyo yako. Mkae pamoja. Atakayemwona mwenzake anakaza, amwambie... kwa upole... asimwambie mbele ya watu.

Umesema nini? Mama? Umeniita mama?

Endelea, mwanangu. Nasikia kwenye mbao za kitanda. Nikinyamaza... mtu asianze kulia. Mwacheni... amalize wimbo.