Amoni Mwakalobo na Dawa ya Kutoka Polepole

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, dada yake, kazi ya kuwasomea maisha ya Amoni Mwakalobo, nami nitasoma kama yalivyokuwa.

Alizaliwa Ikuti tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa pili wa mzee Wilson na mama Sekela, akasoma shule ya msingi hapohapo, sekondari Mbeya, na mwaka 1981 akahitimu shahada ya ufamasia Dar es Salaam. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Tulia, wakajaliwa watoto wawili, Lusungu na Fred.

Kuanzia 1989 hadi 1993 alikuwa Ulaya akisomea chembe za plastiki inayooza mwilini, inayotokana na asidi ileile iliyomo kwenye maziwa yetu ya mgando, chembe mia zikijipanga hazifikii unene wa unywele, zinabeba dawa na kuiachia kidogokidogo, ili mgonjwa wa kifua kikuu wa Ikuti ameze mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Alirudi na sampuli zake, mwaka 1995 ofisi ya utafiti iliyomwajiri ikapunguza wafanyakazi, friji ya sampuli ikazimwa, naye akaja kufungua duka la dawa Ibighi. Kamati ya mazishi ilitaka niandike kwamba aligundua dawa, hakuigundua, alikuwa bado anaitafuta.

Dukani kila mteja alipewa somo, kwamba kidonge cha kutoka polepole humezwa kizima, ukikisaga dawa ya siku nzima inamwagika mwilini kwa mkupuo. Tulimcheka, tukamwita Bwana Polepole.

Tarehe 11 Mei 1999 alipata kiharusi, usemi ukapotea, kumeza kukawa kwa shida, na vidonge vyake vya presha, vya aina hiyohiyo, mimi na shahada yangu nikavisaga ndani ya mgando. Alisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto, shangazi Esnath akamwambia, "Baba, usideke, kunywa," nami nikamshika kichwa. Siku ya tatu ya kumsagia hivyo presha ilishuka ghafla, tukamkimbiza hospitali, akafariki tarehe 4 Juni, saa tano asubuhi. Daktari aliuliza tulimpaje dawa, nikamweleza, akainama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ibighi, mzee Bushiri na wenzake waliofunga maduka leo, ndaga fijo, asanteni sana. Wenye wagonjwa nyumbani, kabla ya kusaga kidonge, ulizeni, maana ndicho alichokuwa anatuambia kwa ule mkono.

Pumzika kwa amani, kaka, kikombe tumekiondoa.