Kamba ya Bi Asgerd

Kijiwe chetu sisi ni ubao wa wapiga makasia uliong'olewa kwenye chombo kibovu, ukawekwa juu ya mawe mawili pale mteremkoni, juu ya ghuba. Ukikaa hapo hakikupiti kitu. Unajua nani kaleta mke, nani karudi ng'ambo mikono mitupu, nani kaoga siku ya kuoga na nani kajifanya ana kikohozi. Mimi Gudlaug nafasi yangu ni ya mwisho kushoto, maana nikicheka nayumba, na kuna mtu alishaangushwa. Ila siku ile ubao tulikuwa tumeugeuza. Badala ya kutazama maji, ulitazama kaburi la Bi Asgerd.

Na kaburi lenyewe sasa. Chombo kizima, jamani. Kile kile chake cha mwaloni chenye shingo ya nyoka, kilichokuwa kikiingia ghubani hata mbwa wananyamaza. Kilivutwa juu ya magogo mpaka shambani, kikashushwa shimoni. Nusu ya nyuma ilishafukiwa, nusu ya mbele bado ilikuwa wazi, imechungulia kwenye udongo kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Watu tulikuwa tunaingia na kutoka kumpelekea vitu vyake: kitanda, mtambo wa kufumia, mkokoteni wa kuburuta kwenye theluji. Mwenyewe kalazwa katikati ndani ya kibanda cha mbao, kapendeza kuliko siku ya harusi yake, na harusini nilikuwepo.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kufunga. Kesho yake shayiri inavunwa, nani tena angekuwa na mikono ya kubebea udongo. Tuliobeba tangu alfajiri tukapewa mapumziko, na ndoo ya pombe, na samaki mkavu wa kupaka siagi.

Ambaye hakupumzika ni Alof, binti wa marehemu, mtoto wake wa pekee. Anapanda, anashuka, anapeleka hiki, anarudisha kile, macho mekundu kama ya mtu anayefukiza samaki. Na mimi nilikuwa najua anaogopa nini, maana kwetu hakuna asiyejua. Maiti asipofika anakokwenda, anarudi. Anakaa juu ya paa la nyumba yake anapiga visigino, ng'ombe wanapata wazimu. Kule ng'ambo ya ghuba mzee mmoja alirudi hivyo, na mwanawe wa kumzaa akalazimika kumfukua na kumchoma moto. Alof alishaniambia, anakunja mikono: "Shangazi, mimi siwezi kumfanyia mama hivyo. Lazima afike."

Afike wapi? Hapo ndipo kijiwe kilipowaka.

Aliyeanza ni Thordis Sindano. Tumempa jina hilo kwa sababu ndiye aliyeshona tanga la chombo kile, na pia kwa sababu ya ulimi. Akasema Bi Asgerd anakwenda kwa Freya, yule mungu wetu wa kike, kwenye ukumbi wa mabibi, atakaa kiti cha mbele.

— Kwa nini cha mbele? akauliza Ketil Siagi.

— Umewahi kumwona amekaa cha nyuma?

Nikacheka mpaka pombe ikanitoka puani. Ketil ndiye mwenye tumbo kuliko wote kijijini. Ujanani alifika Miklagard, ule mji mkubwa wa kusini, na tangu siku hiyo hakuna jambo asilolijua.

Eyvind Kamba akatikisa kichwa. Huyu ndiye mshika usukani wa zamani, kapiga safari zote na Bi Asgerd, magoti yake sasa yanalia kuliko milango. Alisema wafu wa huku hawaendi mbali, wanaingia ule mlima wa kaskazini. Yeye mwenyewe, jioni moja akivua, aliuona mlima umefunguka ubavuni kama mlango, ndani mioto, watu wanakula, na akasikia wanapangiana nafasi za kukaa.

— Ulikuwa umekunywa, mzee, akasema Thordis.

— Nilikuwa nimekunywa. Na mlima ulikuwa umefunguka.

Ketil akafuta siagi mdomoni, akashusha sauti, na nikajua sasa inakuja kubwa. Akatuuliza, ardhi ni kitu gani. Tukamtazama. Akasema ardhi ni bahari, ila inakwenda polepole.

— Toka hapa, nikamwambia.

— Subiri, dada Gudlaug. Kila mwaka theluji ikiyeyuka unakuta nini shambani kwako?

— Mawe.

— Si uliyaokota yote mwaka wa nyuma?

— Niliyaokota.

— Basi yametoka wapi? Yanaibuka. Yanapanda kutoka chini kama samaki wanaokuja kuvuta pumzi. Sasa kama jiwe linaogelea humo, chombo kile, chenye mbao nyembamba zile, kitashindwa? Kitakwenda chini ya shamba, chini ya mlima, polepole, polepole. Wajukuu wa wajukuu wetu watakuwa wamezeeka, yeye bado yuko safarini, tanga limejaa udongo.

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Nimeokota mawe yale tangu utotoni, mgongo wangu unayajua, na sikuwahi kujiuliza yanatoka wapi. Tukakitazama chombo. Jua lilikuwa limeupiga ubavu wake, michoro ile ya wanyama walioshikana kwenye omo, pale mbele kabisa ya chombo, ilikuwa kama inapumua, na udongo ulivyolala pande zote mbili, haki ya kweli, ulikuwa kama mawimbi yaliyogawanyika.

Sasa, nyuma yetu alikuwa amesimama Signy, bibi harusi wa mpwa wangu, katoka juu milimani kwenye mbuzi na misonobari. Ana wiki chache tu hapa, na chombo cha baharini hajawahi kupanda. Alikuja kutuletea mikate. Akatazama, akasogea mbele, akainama kidogo, akaniuliza mimi kwa upole kabisa:

— Shangazi, kama anasafiri, mbona mmemfunga?

— Kumfunga nani?

Akaonyesha kwa kidole. Kutoka kwenye omo ilishuka kamba ya ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini, nene kama mkono, imekazwa kwenye jiwe kubwa kama ndama. Kamba ilikuwa pale tangu chombo kishushwe. Wote tulikuwa tukiiruka tukipita na mizigo. Hakuna aliyeiona.

Macho yote yakamwendea Eyvind. Mzee akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

— Chombo hakiachwi hivi hivi, akasema. Kikitulia tu, unakifunga. Mimi hata sikumbuki kama nilikifunga.

Na hapo ndipo nikageuka nikamwona Alof. Kasimama na ndoo ya matufaha ya mwitu, kasikia yote. Aliiweka chini taratibu sana. Akachomoa kisu kiunoni.

— Nakata.

Eyvind akainuka, magoti na yote, akamshika mkono. Akamwambia usikate kamba ya chombo chenye mtu ndani, mwanangu, hujui kama yuko tayari. Thordis akasema asipokata, mama yake atabaki hapo akivuta kamba milele, na kesho kutwa ndiye huyo juu ya paa. Ketil akasema upepo wenyewe leo ni wa kusini, haufai. Kila mtu akawa na lake, na jua linashuka, na wabeba udongo wameshashika majembe yao ya mbao wanatungoja. Alof kisu bado kakishika hewani.

— Mjomba Eyvind, akasema mwishowe. Mama akiwa mzima, alikuwa anaondokaje?

Mzee akaangua kicheko, cha kwanza kwa siku nyingi.

— Kuondoka? Mama yako? Sisi tumekaa, makasia juu, upepo mzuri unapotea, yeye karudi nyumbani kumwangalia ng'ombe anayetaka kuzaa. Hatukuthubutu kugusa kitu. Akirudi anapanda, anazunguka anatutazama mmoja mmoja, halafu kamba ya mwisho anaivuta mwenyewe. Kwa mkono wake. Alikuwa hampi mtu.

Alof akarudisha kisu kiunoni.

— Basi mpe, akasema.

Eyvind akashuka shimoni. Mimi na Ketil tulimshikilia kwapani asianguke. Akalifungua fundo lake lile, akafunga jipya, lile la wavuvi ambalo ukivuta ncha mara moja linaachia lote. Ncha yenyewe akaipitisha juu ya omo, kupita masanduku na ndoo, mpaka mlangoni mwa kibanda. Akaishia hapo. Alof akaipokea, akaingia. Hatukuingia naye. Alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeweka chini mzigo wa kuni.

Ndoo ya pombe tulipoirudia ilikuwa imekauka. Tukafukia. Omo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuzama, ile shingo ya nyoka, na wengi waliacha majembe yao wakatazama tu mpaka pakabaki udongo na majani.

Tumerudi ubaoni, tumechoka, hatuna cha kunywa, Signy akaniuliza tena, yule mtoto wa watu na maswali yake:

— Na akishaondoka, tutajuaje?

Nikamtazama Ketil. Ketil akamtazama Eyvind. Eyvind akaitazama ghuba, halafu kilima kile cha udongo wa kaburi, halafu ghuba tena.

Ubao tumeuacha vile vile, unatazama kilima. Baridi imepita, paa la Alof halijapigwa kisigino hata kimoja, na yeye analala. Theluji ilipoyeyuka nilikwenda kuokota mawe shambani. Yalikuwa mapya, safi, yana unyevu, kama yaliyotoka majini sasa hivi. Nikashika moja, nikasimama nalo, nikatazama kule kilimani kwa muda mrefu. Mnanijua mimi kwa kucheka. Siku ile nililirudisha jiwe chini polepole, nikapita pembeni, kama mtu anayepisha chombo.