Kiti cha Karibu na Mlango

Nilikuwa nakamua shuka la tatu, nimelizungusha kwenye nguzo ya kamba kwa sababu mikono peke yake hainitoshi siku hizi, Wembe aliposema kutoka kwenye benchi kwamba binti yangu kaanguka kwenye basi. Alisema vile mtu anavyosema maji yamekatika. Benchi liko nje ya uzio wangu. Mume wangu alilitengeneza kwa mbao zilizobaki kazini, na linatosha watu watatu, kila mmoja na pahali pake: Wembe kinyozi upande wa barabara, Soli fundi viatu katikati, na mzee Karani, mstaafu wa masjala, upande wenye kivuli. Wote wanakaa kule juu basi linakoanzia safari. Wawili wana kazi sokoni. Karani huwafuata huko akasome gazeti la mwenzake. Jioni wanashukia kwangu kwanza, wanywe kahawa yangu na kuinyoosha dunia, ndipo waende makwao.

— Kaanguka lini? — nikauliza.

— Asubuhi, shemeji. Lakini mzima. Goti tu.

— Goti lipi?

— La mguu mzuri.

Nikaacha shuka likining'inia. Mguu mzuri ndio unaombeba. Binti yangu mkubwa alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi na anatembelea gongo. Hii ni wiki yake ya pili ya majaribio kwenye karakana ya kushona sare za shule, na msimamizi alisema mbele yangu siku ya kwanza: akichelewa mara mbili, nafasi anapewa mwingine.

— Alichelewa?

— Hilo sijui. Konda alimwambia, dada, shuka usubiri basi lenye nafasi, hapa utatuumizia abiria. Akashuka.

— Ilikuwa pale kwenye mzunguko, — Soli akadakia. — Basi lilipokata kona, gongo likateleza likaenda mpaka miguuni kwa yule mama mwenye beseni la nyanya.

— Mama wa beseni alikuwa kushoto, — Karani akasahihisha. — Kulia alikuwa yule mwanafunzi aliyejifanya amelala.

— Hakujifanya, mzee. Alikuwa anakoroma.

— Anakoroma kabla basi halijaondoka?

Nikachukua shuka la nne. Kazi ilikuwa bado inaningoja, na binti alikuwa bado hajarudi.

— Watu hawana utu siku hizi, — alisema Wembe, akininyooshea kikombe juu ya uzio nimjazie. — Zamani mtu akipanda na gongo, basi zima linasimama.

— Likisimama zima, nani anaendesha? — akauliza Soli.

— Sikiliza, acha ubishi. Tatizo ni macho. Mimi kinyozi, najua. Mtu akikutazama kwenye kioo, lazima umjibu. Ndiyo maana abiria wakiona gongo, wote wanageukia dirishani. Mimi ningeweka utaratibu: wa dirishani asisumbuliwe, maana akitoka anakanyaga watu. Anyanyuke aliyekaa upande wa njia.

— Na wa upande wa njia akiwa mzee? — akauliza Karani.

— Basi anayefuata.

— Na anayefuata akiwa kinyozi?

— Kinyozi anasimama kutwa kazini, mzee wangu. Miguu yetu sisi ni ulemavu unaokuja polepole.

Soli akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye aproni yake ya ngozi. Akajifuta, akawa na uso wa mtu mwenye jambo zito.

— Mnakimbilia kunyanyuka. Kwanza tuhakikishe huyo mtu ni mlemavu kweli. Wachechemeaji wa uongo wamejaa. Asubuhi anachechemea, jioni unamkuta uwanjani anapiga kona. Dawa yake ni viatu. Mchechemeaji wa kweli, soli yake inalika upande mmoja. Konda asimame mlangoni: inua mguu, geuza, haya pita. Ambaye soli imelika sawasawa, hana kiti.

— Soli, — nikasema, — kiatu cha kushoto cha binti yangu, nani alikiongezea soli?

— Mimi, shemeji.

— Inchi ngapi?

— Mbili na robo. Raba ngumu, nikaigundisha na kuishona juu yake. Ile hailiki upande hata atembee mpaka mwisho wa dunia.

— Kwa hiyo kwa konda wako, binti yangu ni muongo.

Soli akatazama ndani ya kikombe.

— Kazi nzuri ina hasara zake, — akasema.

— Sheria ipo, msijisumbue, — Karani akaingilia, akikohoa kama watu wa ofisini wanavyokohoa kabla ya kumwambia mtu arudi kesho. — Kiti cha karibu na mlango kina picha. Nimeichunguza picha ile kila asubuhi kwa miaka miwili, najua ninachosema. Mtu aliyechorwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Amekaa! Yaani anakuja na kiti chake. Sasa cha pili cha nini? Ukihesabu, yeye ana viti viwili na mimi sina hata kimoja.

— Lakini binti hana magurudumu, — akasema Wembe.

— Ndiyo hapo! Ana gongo. Picha haina gongo. Masjala, ukileta barua ya gongo kwenye faili la magurudumu, inarudi ilikotoka. Na wahenga hawakukosea: aliye juu mngoje chini. Yeye kasimama, yuko juu. Mimi nimekaa, niko chini. Kazi yangu ni kumngoja.

— Na alishuka kweli, — akasema Soli kwa sauti ndogo.

— Si unaona? Wahenga!

Kuna watu wakisema jambo la kipumbavu wanapunguza mwendo. Karani huongeza.

— Mkitaka haki ya kweli, ondoeni viti vyote. Ving'olewe. Asimame tajiri, asimame maskini, asimame mwenye miguu miwili na mwenye mmoja. Hapo nani atamlaumu nani?

— Na dereva?

— Naye asimame. Akikaa peke yake, hizo ni dharau.

Walikuwa bado wanajadili dereva aliyesimama atakanyaga breki kwa mguu gani, nikaona gongo linatokea kwenye kona ya duka, kisha binti mwenyewe. Alikuwa anakuja polepole kuliko kawaida. Sketi ilikuwa imechanika gotini, naye alikuwa ameibana kwa pini tano zilizopangwa sawasawa kama mshono. Akafika, akaegemea nguzo ya uzio.

— Shikamooni.

— Marahaba, — wakaitikia wote watatu kutoka pale pale walipokaa.

— Mwamuzi kaja! — akasema Wembe. — Mwanangu, tutolee ubishi. Kwenye basi, anyanyuke wa dirishani au wa upande wa njia?

Binti akamtazama kana kwamba ameulizwa kwa lugha ya ng'ambo.

— Yeyote, — akasema. Kisha akanigeukia mimi. — Nimechelewa dakika arobaini, mama. Msimamizi ameandika. Imebaki moja.

— Lete goti nilione.

— Goti si kitu. Kesho siendi.

— Kwa nini?

— Kwa sababu basi ni lile lile.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisema vile ninavyosema mimi mkaa ukiisha, na hilo ndilo lililoniuma.

— Usikate tamaa, mwanangu, — Karani akamwambia kwa upole kabisa. — Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa kituo cha kwanza ndio wageni wa lile basi, tunakaribishwa. Nyie wa kituo cha tatu mnapewa jembe. Ukishika lile bomba la juu, jua umeshika jembe lako, ujivunie.

Kwenye geti langu alikuwa amechuchumaa dada mmoja msoma mita za maji. Alikuwa mgeni mtaani, siku yake ya kwanza kupita kwetu, na kifuniko cha mita kilikuwa kimemkatalia kufunguka kwa muda wote huo. Hakuna aliyekuwa amemjali. Akasimama, akajipangusa magoti.

— Samahani jamani, — akasema. — Si kwa ubaya, nauliza tu. Hilo basi lilipokata kona, nyie watatu mlikuwa mmesimama?

Wembe akageukia barabarani. Bahati mbaya hakukuwa na dirisha la kutazamia, wala cha kutazama ila paka wa dukani. Soli akaanza kukwangua gundi kwenye kucha. Karani akakohoa kile kikohozi chake cha ofisini.

— Swali kama hilo, — akasema, — huletwa kwa maandishi.

— Basi nijibuni kwa mdomo, kalamu ninayo mimi, — akasema yule dada, na akangoja kweli, kalamu mkononi. Alipoona halijibiwi, akaandika namba ya mita yangu, akaniaga, akaenda nyumba ya pili.

— Shemeji, — akasema Wembe, — kahawa imebaki?

— Imekwisha.

Chupa ya kahawa ilikuwa nusu, na wote waliisikia ikicheza nilipoinyanyua kutoka kando ya uzio. Wakanyanyuka wote watatu kwa pamoja, bila kusukumana, bila kumkanyaga mtu. Kumbe wanaweza.

Binti alikuwa ameshaingia ndani. Soli alibaki nyuma ya wenzake, akajifanya anafunga kamba za kiatu kisicho na kamba.

— Shemeji, kesho nimshikie kiti?

— Usimshikie. Akipanda, nyanyuka.

— Mbele ya watu?

— Soli, ulikaa mbele ya watu.

Akasema atajaribu. Nikamwambia asante, maana mtu akijitahidi huambiwa asante. Lakini neno hilo halijawahi kumfikisha mtu kazini, nami nina watoto watatu wa kulisha na msimamizi mmoja mwenye kalamu.

Nikaanika shuka la mwisho, nikachemsha maji, nikaenda kumkanda goti. Lilikuwa limevimba lakini linakunjika. Nikamwambia tutatoka saa kumi na moja na nusu, tutapanda kilima pole pole hadi kituo cha kwanza, na nitaingia naye ndani ya basi.

— Na mzee Karani akiwa ameshakaa pale mlangoni?

— Nitasimama mbele yake mpaka aone vibaya.

— Mama, utanitia aibu.

— Aibu yako ni ipi? Wewe ulianguka tu. Waliokaa ndio wenye aibu, ila hawajaenda kuichukua.

Akageukia ukutani, nikamwacha. Mtu mzima huwezi kumkanda na moyo pia.

Nilipakua wali na maharage giza halijaingia. Mume wangu alikuwa amerudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mama mkwe alishakaa, yeye huwa wa kwanza. Mapacha walikuwa wanagombea kijiko kimoja wakati vipo vinane. Na mimi, watano. Nikamwita binti mara moja. Simwiti mtu mara mbili kula. Nikapakua sahani yake hata hivyo, nikaifunika.

Tulikuwa tumeshaanza niliposikia gongo likigonga sakafu ya ukumbini. Akaingia, akasogeza kigoda kwa mguu mfupi, akakaa, akaunyoosha ule wenye goti lililovimba chini ya meza. Mkononi alikuwa na sketi, imeshashonwa, na mshono hata mimi niliutafuta.

— Niamshe saa kumi na moja, — akasema. — Na uvae kile kiatu chako kingine. Hicho kinateleza.

Nikamfunulia sahani. Sita. Nikamwambia mmoja wa mapacha afunge mlango, maana wote tulikuwa ndani.