Vibao vya Bawa

Bi Hindu wa Kizingitini alikuwa amepanda ndege kwa mara ya kwanza, akitoka Mombasa kurudi kwao kumwona mjukuu aliyezaliwa juzi. Mbele yake walikaa wawili wasiojuana: Rufus, aliyekuwa akisomea urubani, na Edah, muuguzi aliyehamishiwa Lamu.

Kisiwa cha Manda, ambako abiria wa Lamu hushuka ndege na kuvuka kwa mashua, kilipotokea, vibao vya nyuma ya bawa vikashuka kidogo. Edah akauliza bawa limepatwa na nini.

"Vibao hivyo huibeba ndege inapopunguza mwendo," Rufus akasema. "Hushushwa kwa hatua. Kushushwa kabisa, ni ukishakuwa na hakika ya kutua."

"Kama vinasaidia, si vishushwe vyote mapema?"

"Vikishuka sana huivuta ndege nyuma. Ukitaka kupanda tena utahangaika."

"Nani apande tena akishafika?"

Bi Hindu aliona swali hilo lina akili. Vibao vikashuka kabisa, mchanga ukakaribia, mara injini zikanguruma na ndege ikainuka. Chini, punda wawili walikuwa wamesimama katikati ya uwanja.

"Sasa rubani avipandishe vyote," Edah akanong'ona.

"Kidogo kidogo. Akivipandisha ghafla tutadidimia."

Vibao vikapanda nusu, vikangoja, vikapanda tena. Bi Hindu akashusha pumzi, akacheka mpaka machozi. "Hata punda wamekuja kunilaki," akasema.

Mara ya pili wakatua salama.

"Bado nasema," Edah akasema huku akicheka, "vingeshushwa mapema tungekuja polepole, na punda wangewahi kuondoka."

Rufus akafungua mdomo kujibu. Ndege ikasimama, na Bi Hindu akainuka na buibui lake.

"Nipisheni ndia, wanangu. Hayo mtayamaliza mashuani."