Amplifaya Iliyoungua Njinjo na Jina la Bwana Romani Nandonde

Tarehe 30 Juni 1958, baada ya miaka ishirini na tisa kasoro miezi miwili ya utumishi, Bwana Romani Nandonde anakabidhi funguo za stoo ya vipaza sauti ya ofisi yetu ya habari hapa Lindi na kurudi kwao Nyangao. Anasema anakwenda kulima. Sisi tunaomjua tunasema anakwenda kuwarekebishia watu redio zao bure mpaka Mama Tekla, mkewe, amfiche bisibisi.

Alianza kazi mwaka 1929 kama tarishi na mpiga mbiu wa boma la Kilwa Kivinje. Kijana wa Kimwera, Mkatoliki, katika mji wa misikiti. Lakini kwa sauti aliyojaliwa, wazee wa Kivinje walimtania kwa jina la Muadhini wa Boma. Alikuwa na desturi yake. Akishatangaza, haondoki. Husimama pale pale mpaka mtu wa nyumba ya mwisho kabisa aitikie kwamba amesikia. Asipoitikiwa, hurudia. Wapo waliochelewa kuitikia makusudi, ili tu wamsikie tena!

Wakati wa vita alijiunga na Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa kwenye kikosi cha mawasiliano, na huko Burma akajifunza valvu, waya na kulehemu. Aliporudi mwaka 1946, ofisi yetu ilikuwa imepata lori lake la kwanza la matangazo na hakuna aliyejua kuliwasha lizungumze. Romani alilifungua mchana mmoja, akalifunga, likazungumza. Tangu siku hiyo hakuna mkutano uliofanyika kati ya Kilwa na Lindi bila mkono wake.

Kwa wasioijua kazi hii, amplifaya ni ile mashine inayoipa sauti nguvu kabla haijafika kwenye spika. Kuichagua si mchezo. Mwaka 1953 zililetwa mbili kwa majaribio. Moja ilikuwa ya wati sitini, rangi ya fedha, na taa ya kijani mbele; sote tuliitazama kama bibi harusi. Nyingine ilikuwa ya wati thelathini, nyeusi, nzito, haina sura. Bwana Romani aliuliza maswali matatu tu: nani atasema, watu watakaa mbali kiasi gani, na umeme utatoka wapi. Bibi harusi wetu alitaka jenereta yake peke yake, na jenereta ikishanguruma, nani atamsikia mama anayeeleza habari za uji wa watoto? Ile nyeusi ilitosheka na betri mbili za lori, na bado ilibakiza nguvu. Hili la kubakiza nguvu alilihubiri kama padri wa Jumapili: mashine inayosukumwa mpaka mwisho wa uwezo wake hukoroma, na ikikoroma haidumu, wala spika zake hazidumu.

Majaribio yake nayo yalikuwa ya aina yake. Mafundi wengine huhesabu moja, mbili, tatu. Yeye alikataa katakata, kwa kuwa hesabu mtu anaijua hata asiposikia. Alimketisha Mama Tekla mbali, akiwa ametupa mgongo na anapukuchua mahindi, kisha akasoma jambo asilolitazamia. Siku hiyo alitangaza kwamba beberu wa jirani amepotea. Mama Tekla alilisikia neno kwa neno. Kwa bahati mbaya mji mzima nao ulisikia, na watu kumi na wawili walitoka kumtafuta beberu aliyekuwa amefungwa kwao, anakula majani yake kwa raha. Tulinunua ile nyeusi.

Sasa nafika Njinjo, na hapa niwieni radhi, maana siwezi tena kuandika kama karani anayesimulia habari za mtu mwingine. Mimi ni Xaveri, mtunza stoo na mtangazaji wa ofisi hii. Mwaka 1955 ndui ilikuwa imeingia vijiji vya bara ya Kilwa, na Bwana Bakary, dresa wa zahanati, alitakiwa kuwatangazia watu siku na mahali pa kuchanjwa. Bwana Romani alitangulia kwenda kijijini Njinjo kutafuta pa kusimamisha spika. Aliniagiza nilete ile amplifaya nyeusi na spika mbili.

Nikaiona nzito. Nikapakia ile kuukuu ya wati kumi na tano, nyepesi, naibeba kwa mkono mmoja. Na ili kufidia, nikachukua spika nne. Akili yangu iliniambia kwamba midomo minne itapiga kelele kuliko miwili. Lo, akili hiyo! Bwana Romani alipolifungua sanduku alishika kiuno, akasema basi, tutumie spika mbili tu na tuseme taratibu. Akaondoka kwenda kusikiliza kutoka nyumba ya mwisho. Nami, watu wamejaa, wasichana wanatazama, nikaziunganisha zote nne, nikazungusha kitasa cha sauti mpaka kikagoma. Kuifungia mashine ndogo spika nne ni kumpa mama mmoja watoto wanne wa kunyonyesha kwa mara moja. Ilikoroma, ikanuka, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Watu walikuwa wameshuka vilimani tangu alfajiri, wengine na watoto mgongoni. Walipoona moshi walianza kunong'ona kwamba hata mashine imeikataa hiyo chanjo, wakaanza kuondoka. Bwana Romani alikuja mbio, akatazama nyaya, akanitazama mimi. Alipanda juu ya lori akapiga mbiu kwa koo lake mwenyewe, akiwa na miaka hamsini. Alitangaza, akangoja aitikiwe. Akashuka, akaenda kona nyingine ya kijiji, akatangaza tena. Bi Ziada, bibi mmoja wa nyumba ya mwisho, ndiye aliyeitikia mwishoni kwamba amesikia, na kwamba sasa anyamaze maskini asije akafa. Watu walirudi. Wiki ile walichanjwa mia saba na zaidi, na Bwana Romani alikaa siku tisa akizungumza kwa mikono.

Ofisi iliuliza nani aliyeunganisha spika nne. Mimi nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, nimeoa miezi miwili tu kabla yake. Kabla sijafungua kinywa, yeye aliandika kwenye karatasi kwamba mashine zote ziko chini ya mkono wake. Mwaka ule alikuwa apewe ufundi mkuu. Akapewa barua ya onyo. Mimi nikashukuru Mungu, nikanyamaza, nikanyamaza miaka mitatu. Yeye hakunikumbusha hata siku moja. Nilipomkaribia kutaka kusema, alinipa kitu cha kulehemu.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nililetewa na faili lake. Ndani mna sifa miaka yote, na katikati neno moja: uzembe. Mtu huyu, uzembe! Nililia, sioni haya kusema. Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa mkuu wa ofisi, nikamweleza yote haya. Barua ile imetolewa kwenye faili lake, na nyingine imeandikwa, imewekwa kwenye langu, mahali pake. Kuhusu cheo, nimeambiwa hakirudi nyuma. Hilo siwezi kulitengeneza, na litaniuma mpaka na mimi nitakapostaafu.

Bwana Romani hajui haya. Anayasikia leo, pamoja nanyi, akiwa amekaa mbele pale na Mama Tekla.

Mzee wangu, shikamoo. Uzembe wa Njinjo ulikuwa wangu. Ofisi nzima inakushukuru kwa miaka ishirini na tisa. Mimi nakushukuru zaidi kwa ile mitatu uliyonibebea. Nenda Nyangao na jina lako safi. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake, na wageni wengi barazani. Mmoja wao nitakuwa mimi, kama utanifungulia mlango.